Erthi au insulesheni ya tabaka mbili: namna ya kuchagua kabla hujaunda kifaa cha umeme

Kila kifaa kinachochomekwa kwenye umeme wa nyumbani kinatakiwa kuwa na kinga mbili za kumzuia mtu asipigwe shoti. Ya kwanza ni insulesheni ya kawaida: plastiki ya waya, vanishi ya mota, unga mweupe ulioshindiliwa ndani ya elementi ya hita. Siku moja hiyo itachubuka, itaungua au italowa. Kinga ya pili ndiyo inayofanya kazi siku hiyo, na ndiyo unayopaswa kuichagua mapema: ama waya wa erthi, ama tabaka la pili la insulesheni.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 61140 kinavipanga vifaa kwa madaraja. Daraja I ni kifaa chenye insulesheni ya kawaida, na chuma chake kinachoguswa kimeungwa kwenye erthi: birika, friji, mashine ya kufulia. Daraja II hakitegemei erthi kabisa. Kina insulesheni mbili, au moja iliyoimarishwa mpaka ikalingana na mbili: drili ya mkononi, mashine ya kukaushia nywele, chaja ya simu. Alama yake ni mraba ndani ya mraba. Daraja III hutumia volti ndogo, zisizozidi 50 za AC au 120 za DC, kutoka kwenye chanzo kilichotenganishwa kwa usalama na umeme mkubwa.

Limebaki Daraja 0, yaani insulesheni ya kawaida peke yake. Boksi la bati lenye kebo ya nyaya mbili ni Daraja 0, hata likipakwa rangi nzuri na kubandikwa jina la karakana. Vifaa vya namna hiyo vimejaa mitaani, na karakana nyingi huviunda bila kukusudia, kwa sababu swali la kinga ya pili huulizwa baada ya boksi kukatwa na kuchomelewa. Liulize kwanza.

Soketi ya mteja ikoje?

Kifaa cha Daraja I kinaazima nusu ya usalama wake kutoka kwenye nyumba ya mtu. Wewe utaweka kebo ya nyaya tatu na plagi ya pini tatu, lakini kama nyuma ya soketi hakuna kitu kwenye tundu la juu, umeuza Daraja 0 bila kujua. Nyumba zenye hali hiyo si chache: vyumba vya kupanga vilivyovutwa umeme kwa waya wa nyaya mbili, ekstensheni zenye matundu matatu lakini ndani zina nyaya mbili, vibanda vinavyounganishwa kutoka nyumba ya jirani.

Hata erthi ikiwepo, ifanyie hesabu. Tuseme nyumba inategemea fimbo yake yenyewe iliyopigwa chini, na ukinzani wa fimbo hiyo ni omu 100, jambo la kawaida kwenye udongo mkavu au wa kichanga. Waya wa laivu ukigusa bodi, yaani ganda la kifaa, umeme utakaopita kwenda ardhini ni 230 ukigawa kwa 100, yaani ampia 2.3. Fyuzi ya ampia 13 kwenye plagi haitaungua, ya ampia 3 nayo itastahimili. Bodi litabaki na zaidi ya volti 200 mpaka mtu aliguse. Waya wa erthi upo na umefungwa vizuri, ila hakuna kinachokata umeme.

Hapo ndipo RCD ya miliampia 30, swichi inayokata umeme ukivuja, inapohitajika. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampia 30 inakata. Ili volti za bodi zisizidi 50 kabla haijakata, fimbo inaweza kuwa na ukinzani wa mpaka omu 1,666 hivi, na hesabu bado ikakubali. Hiyo isiwe sababu ya kupiga fimbo fupi, lakini inaonyesha kwa nini RCD na erthi ni jozi. Kama unauza kifaa cha Daraja I kwa wateja wa nyumba za namna hii, ama uweke RCD ndani ya kifaa chenyewe, ama uandike kwenye karatasi ya maelekezo kwamba lazima iwepo kwenye meini swichi.

Jenereta ndogo za petroli na inveta zina tatizo lao. Nyingi nyutro yake haijaungwa na fremu wala na ardhi, kwa hiyo pini ya erthi ya kifaa chako haina njia ya kurudisha umeme wa hitilafu. Ukijua kifaa kitatumika zaidi porini au kwenye sola, Daraja II au III ndiyo chaguo la busara tangu mwanzo.

Kuna njia moja ya mkato ambayo haikubaliki kabisa: kuunga erthi na nyutro ndani ya plagi au ndani ya kifaa pale nyumba isipokuwa na erthi. Kifaa kinafanya kazi na tesa haiwaki kwenye bodi, basi fundi anaondoka ameridhika. Siku waya wa nyutro utakapolegea kwenye soketi au kwenye nguzo, umeme utapita kwenye mota au hita, utafika kwenye nyutro isiyo na pa kwenda, na kutoka hapo moja kwa moja kwenye bodi. Kwa njia hii hitilafu ndogo ya nyutro inageuka volti 230 mkononi mwa mtumiaji. Soketi iliyofungwa laivu na nyutro kinyume inaleta matokeo hayo hayo papo hapo, bila kusubiri kitu kukatika.

Andika kila chuma kinachoguswa

Chukua karatasi, chora kifaa chako, na uorodheshe kila kipande cha chuma ambacho mkono unaweza kukifikia: bodi, kishikio, skrubu, shafti ya mota inayotokeza, trei, bawaba, kichwa cha swichi, kitako cha themostati. Wapimaji hutumia kidole cha majaribio chenye kipenyo cha milimita 12 na urefu wa milimita 80, chenye viungo kama kidole cha mtu. Kikiingia kwenye tundu na kugusa chuma, chuma hicho kinahesabiwa kuwa kinaguswa. Vifuniko vinavyotoka bila spana wala bisibisi hutolewa kabla ya jaribio.

Sasa uliza kila kipande: kati yako na laivu kuna nini? Jibu likiwa ni plastiki moja ya waya, kipande hicho kinahitaji ama erthi ama tabaka la pili. Pitia orodha yote kabla ya kuamua, kwa sababu uamuzi unakuja wenyewe ukishaona picha nzima. Ukikuta vyuma ishirini vilivyoungana katika bodi moja la bati, erthi ni rahisi: bolti moja inavilinda vyote. Ukikuta skrubu nne na shafti moja tu, na kila kitu kingine ni plastiki, tabaka la pili ni rahisi zaidi na halimtegemei mtu mwingine.

Kuchanganya kunaruhusiwa kwa upande mmoja tu. Kifaa cha Daraja I kinaweza kuwa na sehemu zenye insulesheni mbili, kwa mfano vitufe vya plastiki mbele ya bodi la chuma. Lakini kipande kimoja tu kikitegemea erthi, kifaa chote ni Daraja I, na alama ya miraba miwili haiwekwi. Kifaa cha Daraja II nacho hakitakiwi kuwa na teminali ya erthi ya kinga.

Vitu vinavyoamua haraka

Elementi ya chuma inayochemsha maji au inayokaa ndani ya chakula: erthi. Unga wa magnesiamu oksidi uliomo ndani yake hufyonza unyevu kupitia ncha zake, na kifaa kilichokaa stoo masika nzima kitavujisha umeme kikiwashwa mara ya kwanza. Inawezekana kuunda hita ya maji ya Daraja II, ila si kazi ya karakana ndogo.

Kifaa cha kushikwa mkononi kinachozungushwa na kukokotwa, waya ukipindika kila siku: tabaka mbili. Waya wa erthi kwenye kebo inayopindwa mara kwa mara unaweza kukatika kimyakimya, na kifaa kikaendelea kufanya kazi kama kawaida. Hiyo ndiyo hatari kubwa ya Daraja I: hitilafu ya erthi haijitangazi.

Bodi kubwa la bati, mota ya kawaida ya dukani, kifaa kinachokaa pahali pamoja: erthi.

Mbao zinahitaji neno la peke yake, kwa sababu mafundi wengi huziamini. Chini ya IEC 60335-1, kiwango cha vifaa vya nyumbani, mbao, pamba, hariri na karatasi za kawaida hazihesabiwi kuwa insulesheni mpaka zilowekwe kwa vanishi au resini inayojaza vinyweleo vyake. Plaiwudi kavu leo ni plaiwudi mbichi mwezi wa nne. Boksi la mbao lisikupe moyo wa kuacha kinga ya pili.

Ukichagua erthi

Kebo iwe ya nyaya tatu: kahawia laivu, bluu nyutro, kijani na njano erthi. Kwa kifaa kinachovuta zaidi ya ampia 3 mpaka 6 tumia milimita za mraba 0.75, zaidi ya 6 mpaka 10 tumia 1.0, zaidi ya 10 mpaka 16 tumia 1.5. Kwenye plagi ya mraba ya pini tatu inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda, fyuzi ya ampia 3 inatosha kwa vifaa vya mpaka wati 700 hivi, na juu ya hapo weka ya 13. Mota inayovuta sana wakati wa kuanza inaweza kuhitaji ya 5.

Pale kebo inapoingia weka kibanio imara. Kiwango kinataka kebo ivutwe mara 25 bila kuteleza: kwa nguvu ya nyutoni 60 kwa kifaa cha kilo 1 mpaka 4, na nyutoni 100 kwa kilichozidi kilo 4. Nyutoni 100 ni sawa na kuning'iniza mfuko wa unga wa kilo 10. Ndani, acha waya wa erthi uwe mrefu kuliko laivu na nyutro, ili kebo ikichomoka kwa nguvu, erthi iwe ya mwisho kung'oka.

Bolti ya erthi ndiyo mahali ambapo kazi nyingi huharibika. Chagua bolti ya M4 au zaidi, ya shaba nyeupe au chuma kilichopakwa zinki, na isifanye kazi nyingine yoyote. Isiwe ndiyo inayoshikilia kifuniko, mguu au themostati, kwa sababu atakayekuja kutengeneza ataifungua na asiirudishe. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae kwenye duara lote litakalokaliwa. Mpangilio ni huu: bodi, washa ya nyota, lagi (kichwa cha chuma cha waya) iliyobanwa kwa koleo la kubania, washa ya kawaida, washa ya springi, nati. Ukikaza, meno ya washa ya nyota yanauma kwenye chuma na kupasua utando wa oksidi. Waya usiwe umeshikwa na risasi pekee. Kifaa kikipata joto kali risasi inalegea. Ukimaliza, paka rangi juu ya kiungo kizima ili kutu isiingie, hasa kama kifaa kinakwenda Tanga, Mombasa au Unguja.

Mlango wa bawaba hauhesabiwi kuwa umeungwa. Bawaba ina mafuta, rangi na kutu, na ukinzani wake hubadilika kila mlango unapofunguliwa. Kama kuna swichi, taa au kipimajoto cha umeme mkubwa mlangoni, vuta waya laini wa kijani na njano kutoka kwenye bodi hadi mlangoni, na uupe ulegevu wa kutosha. Vivyo hivyo kwa trei za chuma zinazotoka, kama umeme unaweza kuzifikia, na kwa fremu ya mota iliyokaa juu ya raba.

Ukichagua tabaka mbili

Hapa hakuna bolti moja ya kukuokoa. Ahadi ya Daraja II inatimizwa kila mahali ndani ya kifaa au haitimizwi kabisa.

Anza na umbali. Kuna umbali wa hewani, unaopimwa kwa mstari ulionyooka, na kuna umbali wa juu ya uso, unaopimwa kwa kufuata sura ya plastiki, kwa sababu vumbi na unyevu huweka njia ya umeme juu ya uso huo. Kwa umeme wa 230, kati ya laivu na chuma kinachoguswa, insulesheni iliyoimarishwa inataka angalau milimita 3 hewani. Juu ya uso wa plastiki ya kawaida, milimita 5 mahali pasafi pakavu, na milimita 8 mahali penye unyevu na vumbi linaloweza kulowa. Jikoni, bandani na ukanda wa pwani chukua 8. Umbali wa hewani umehesabiwa kwa mwinuko usiozidi mita 2,000 kutoka usawa wa bahari; hewa nyepesi inahimili volti chache zaidi. Kifaa kitakachouzwa Eldoret au Nyahururu, miji iliyo juu ya hapo, kiongezewe nafasi. Kwa mita 3,000 kizidishio ni 1.14, kwa hiyo milimita 3 inakuwa 3.4. Acha 4 na umalize shida.

Unene nao una hesabu yake. Plastiki inayotumika peke yake kama insulesheni iliyoimarishwa iwe na milimita 2 au zaidi. Ikiwa ni tabaka la pili tu, juu ya insulesheni ya kawaida, milimita 1 inatosha.

Kisha nyaya za ndani. Waya wa plastiki moja ni insulesheni ya kawaida tu. Ukipita karibu na chuma kinachoguswa, uvalishe slivu, yaani mrija wa plastiki, na slivu ifungwe pande zote mbili isiweze kuteleza. Slivu iliyoachwa ikielea haihesabiwi. Fikiria kila kiungo na ujiulize: waya huu ukichomoka kwenye teminali, ncha yake itafika wapi? Ikifika kwenye chuma, funga waya huo mahali pa pili, sentimita chache kutoka kwenye kiungo, ili ncha ikitoka ibaki palepale.

Kibanio cha kebo kiwe cha plastiki, au kama ni cha chuma kiwe kimetenganishwa na bodi kwa plastiki. Kukaza kibanio cha chuma moja kwa moja juu ya kebo ndani ya bodi la chuma kunafuta tabaka la pili pale pale kebo inapoumizwa zaidi. Usitumie skrubu ya plastiki mahali ambapo mtu akiweka ya chuma insulesheni itaharibika. Ataweka ya chuma. Angalia pia urefu wa skrubu za kifuniko: ukiweka ndefu kwa milimita 5, huenda umekula umbali wote ulioupigia hesabu.

Mota ya kawaida ya dukani haitoshi kwa kifaa cha Daraja II chenye shafti inayoguswa. Mota za drili za Daraja II zina plastiki kati ya shafti na bati za rota, na hiyo ndiyo tabaka la pili. Kama mota yako haina, weka gia au kapi la plastiki kati ya shafti na chuma kinachoguswa, na ufunike mota yenyewe. Zaidi ya hapo, brashi za kaboni hutoa unga unaopitisha umeme. Ukiacha unga huo urundikane kwenye kona kati ya kishika brashi na ukuta, milimita 8 zako zinakuwa sifuri baada ya miezi kadhaa. Peleka hewa ya feni itoe unga nje, au weka ukuta wa plastiki unaousimamisha.

Kapasita za kuzuia makelele ya redio huwanasa wengi. Kapasita ya Y yenye nanofaradi 2.2 ikiungwa kati ya laivu na chuma hupitisha karibu miliampia 0.16 kwa volti 230 na hezi 50, na ya 4.7 hupitisha miliampia 0.34. Kikomo cha IEC 60335-1 kwa Daraja II ni karibu miliampia 0.25, kwa hiyo ya 4.7 imeshapita. Na isiwe kapasita yoyote ile: inayovuka insulesheni iliyoimarishwa lazima iwe ya alama Y1, au Y2 mbili kwa mfululizo. Kapasita ya bluu ya kilovolti 1 isiyo na alama ya Y inafanana nayo kwa sura, lakini ikifa kwa shoti inaunga laivu na mkono wa mtu.

Mfano: mashine ya kutotolesha vifaranga

Mashine hii huundwa na karakana nyingi Tanzania na Kenya, na ina karibu kila tatizo lililotajwa. Joto lake ni nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21. Ndani kuna trei ya maji, na unyevu hupandishwa kufikia asilimia 65 hadi 70 katika siku 3 za mwisho. Mfugaji hufungua mlango na kuingiza mkono, mara nyingi wenye maji, feni na taa zikiwa zinawaka. Manyoya na vumbi la maganda hujaa kila mahali. Kwa hiyo ndani yote inahesabiwa kuwa sehemu inayoguswa, na umbali wa juu ya uso ni milimita 8 bila majadiliano.

Mashine kubwa yenye hita ya wati 500 na zaidi, chukua erthi. Unga pamoja bodi, bitana ya aluminiamu, reli za trei, fremu ya mota ya kugeuzia mayai na ganda la hita. Weka RCD ya miliampia 30 ndani ya boksi la swichi la mashine, upande wa nje, pasipofikwa na mvuke. Holda za balbu za chuma zitoe. Tumia za kauri, na uzikinge kwa wavu ulioungwa na erthi ili balbu ikivunjika mkono usifike kwenye nyuzi zake.

Mashine ndogo ya mayai 50 au 100, njia bora mara nyingi si ya kwanza wala ya pili. Ni Daraja III: kila kitu kilicho ndani ya boksi kiwe cha volti 12, na adapta ya Daraja II ikae nje. Hita ya wati 60 kwa volti 12 inavuta ampia 5, na waya wa milimita za mraba 1.5 unaibeba vizuri kwa mita chache. Mfugaji anapata faida nyingine kubwa: umeme ukikatika, betri ya gari inachukua nafasi, na mayai hayapoi. Weka fyuzi ya ampia 7.5 karibu kabisa na betri, kwa sababu betri haimpigi mtu shoti lakini inaweza kuchoma nyumba.

Usalama wote wa mpango huu umekaa ndani ya adapta. Nunua yenye miraba miwili na jina la mtengenezaji anayepatikana, kisha fungua moja ya mfano na uangalie. Kati ya upande wa 230 na upande wa 12 pawe na mstari mpana usio na shaba kwenye sakiti, mara nyingi wenye mpasuo chini ya transfoma, na kapasita inayovuka mstari huo iwe na alama Y1. Ukiona milimita 2 tu kati ya pande hizo, itupe. Paua saplai za boksi la bati lenye matundu ni kitu kingine: hizo ni Daraja I, zina teminali ya erthi, na zinatakiwa kufungwa ndani ya boksi. Ukiziacha bila erthi, kapasita zake mbili za ndani hupandisha bodi lake hadi karibu nusu ya umeme, volti 115 hivi. Ule mtekenyo unaousikia ukigusa bati lake unatoka hapo.

Kupima kabla ya kuuza

Angalia kwa macho kwanza, kisha pima kwa mpangilio huu.

Erthi: pitisha ampia 25 kutoka chanzo kisichozidi volti 12, kati ya pini ya erthi ya kifaa na kila chuma ulichokiorodhesha. Ukinzani usizidi omu 0.1, maana yake volti zitakazopotea zisizidi 2.5. Mita ya kawaida haitoshi kwa kazi hii. Inapitisha miliampia chache tu, na uzi mmoja wa shaba uliobaki kwenye lagi utaonyesha sifuri nzuri kabisa. Ampia 25 zitauonyesha ulivyo.

Insulesheni: kwa mega (mita ya kupimia insulesheni) ya volti 500 DC, unga laivu na nyutro pamoja, swichi na themostati zikiwa kwenye hali ya kuwasha, pima dhidi ya chuma. Kwa Daraja I usikubali chini ya megaomu 1, na kwa Daraja II megaomu 2. Kifaa kipya kikavu kinatakiwa kusoma mamia. Kama bodi ni la plastiki, lifunge kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni, kipande cha sentimita 20 kwa 10, na upime dhidi ya karatasi hiyo, ukiihamisha kwenye maungio na matundu. Hita iliyosoma vibaya kwa unyevu ikaushe kwenye oveni ya joto la chini kwa saa kadhaa, kisha upime tena. Ikirudi palepale, ncha zake hazikuzibwa.

Volti kubwa: kwa sampuli, baada ya kukaa kwenye unyevu, insulesheni ya kawaida huhimili volti 1,250 kwa dakika moja, na iliyoimarishwa 3,000. Jaribio hili linaua mtu kwa urahisi. Lifanyike kwa mashine yenye kikomo cha ampia, meza ya kihami, na mtu mmoja tu mwenye swichi.

Baada ya hapo ndipo unachapa lebo: volti, hezi, wati, jina lako, na kwa Daraja II miraba miwili, wa nje ukiwa na upande usiopungua milimita 5 na wa ndani nusu yake. Kabla ya kutoa oda ya kwanza, waulize TBS, KEBS au UNBS, mashirika ya viwango ya Tanzania, Kenya na Uganda, toleo la kiwango wanalolitumia kwa aina ya kifaa chako, maana umbali na vikomo vya umeme unaovuja hutofautiana kidogo kati ya vifaa vya nyumbani, taa na mashine za mkononi.

Kwa anayetengeneza

Kifaa cha Daraja II kilichofunguliwa kirudishwe kama kilivyokuwa: slivu zilezile, skrubu za urefu uleule, karatasi ya plastiki iliyokuwa kati ya sakiti na bodi irudi mahali pake. Kebo ikibadilishwa, iwe ya nyaya mbili yenye ganda la nje, si waya wa spika. Ukifunga kebo ya nyaya tatu, usiunge erthi kwenye chuma cha kifaa cha Daraja II: siku erthi ya nyumba ikipata umeme kutoka kwenye kifaa kingine kibovu, utakuwa umeuleta kwenye drili iliyokuwa salama. Rota iliyosukwa upya bila plastiki ya kwenye shafti haifai tena kwa kifaa hicho, hata kama inazunguka vizuri.

Kifaa cha Daraja I kilichokuja na plagi ya pini mbili za duara kikatwe plagi hiyo na kifungwe ya pini tatu yenye fyuzi. Kuchokonoa tundu la erthi kwa kalamu ili pini mbili ziingie kunafungua vizuizi vya soketi, na kifaa kinawaka bila kinga yake ya pili. Mteja akileta friji linalotekenya, usianze na friji. Pima soketi kwanza, kwa kipima-mzunguko wa erthi, kwa kuwa mita ya kawaida itasoma volti 230 kati ya laivu na erthi hata kama erthi hiyo imeshikwa na uzi mmoja wenye kutu.